Serum niliyomwaga ndani ya mafuta ya nyumba

Alhamisi. Tangu asubuhi upepo unatoka ziwani, jua linachungulia na kujificha kama mwizi wa kuku. Ndagala nilizoanika hazitakauka leo. Zisipokauka zitanuka, na zikinuka wateja watasema Mama Bahati amezeeka. Waseme. Leo sina nguvu ya kugombana na samaki.

Nina wivu.

Nimeandika, basi. Mwanamuke wa umri wangu, mwenye wajukuu, muimbaji wa kwaya ya wamama, nina wivu kama musichana aliyenyang'anywa mchumba. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha asome vizuri.

Ukurasa huu alinifungulia Furaha, muke wa mutoto wangu Bahati. Aliniambia, "Mama, weye unasema sana, andika basi, watu watasoma." Masomo nilifika mwaka wa tatu tu, lakini kuandika ninajua, na kusema ukweli ninawashinda walimu. Furaha anasoma kila kitu ninachoweka humu. Soma, binti yangu. Leo na weye uko ndani.

Bahati na Furaha wana mutoto mumoja, Asifiwe. Ni musichana, anatembea, anajua kusema "hapana" kuliko "ndiyo". Na Furaha ana mimba tena. Kwetu, mama akipata mimba, mutoto anaachishwa ziwa, na ili asilie kila saa akiliona ziwa la mama yake, anapelekwa kwa nyanya. Anakaa huko mpaka asahau. Watu wa mujini wanadhani ni kumpunguzia mama kazi. Hawajui kitu. Mutoto aliyesahau ziwa nyumbani mwako ni wako mpaka unakufa. Bahati alisahau la kwangu kwa mama yangu, kule Bwegera, katikati ya mashamba ya mpunga, na mpaka leo ukimpa bugali anauliza wali uko wapi.

Sasa nyanya tuko wawili na mutoto ni mumoja.

Mwenzangu ni mama ya Furaha. Anaitwa Mama Riziki, anakaa Kavimvira karibu na mupaka. Anauza vitenge, leo yuko Bujumbura, kesho yuko Uvira, mpaka watu wa duane, wanaotoza ushuru mupakani, wanamsalimia kwa jina. Tuko umri mumoja. Labda ananizidi, lakini hasemi. Na uso wake, Mungu wangu, uso wake ni kama sahani iliyotoka kuoshwa. Minye huku Kalundu, miaka yote hii ninaanika ndagala, jua linanipiga kutoka juu na maji ya ziwa yananirudishia lingine kutoka chini. Mashavu yangu yamejaa madoa meusi. Moja chini ya jicho ni kubwa kama kifungo cha koti. Sikuwahi kujali. Yalikuwa ni madoa ya kazi, nilikuwa ninayabeba kama mwalimu anavyobeba chaki kwenye nguo.

Mpaka Jumapili ile.

Tulikuwa kwa Bahati, tumetoka kusali, tunakula. Asifiwe alikuwa amekaa mapajani pangu. Akanitazama, akalamba kidole chake, akaanza kunisugua hapa chini ya jicho. Anasugua, anatazama, anasugua tena. Kisha akasema kwa sauti, nyumba nzima isikie, "Uchafu."

Wote walicheka. Hata minye nilicheka, ningefanya nini? Lakini Mama Riziki alicheka wa kwanza na akamaliza wa mwisho. Akanyoosha mikono, "Kuja huku, mama yangu. Kuja kwa nyanya mwenye alinawa."

Na mutoto akaenda! Akatoka mapajani pangu, akaenda, akalala kifuani kwa yule mwanamuke kama amezaliwa hapo.

Sikula tena. Nilisema nyama ilikuwa na chumvi nyingi. Haikuwa na chumvi nyingi, Furaha. Ilikuwa nzuri.

Siku ile Bahati akatuambia yeye na muke wake hawajaamua. Mutoto atakaa kidogo kwa huyu, atakaa kidogo kwa yule, wataona wapi anatulia. Kama mutu anayepima viatu. Nikasema moyoni, huyu mutoto hatapimwa na uso wangu ukiwa hivi.

Nilimuuliza Furaha polepole, tukiosha sahani, mama yake anafanya nini na uso. Akajibu bila kufikiri, "Mama anatumia serum." Minye serum ninayoijua ni ile ya hospitali, inayoning'inia kwenye chuma na kuingia kwenye mushipa. Nikafikiri Mama Riziki anaumwa. Sitaficha, nilisikia raha kidogo. Furaha akanieleza kwamba ni chupa ndogo ya dawa ya uso, ya kufifisha madoa. Raha ikaisha.

Kumuuliza Mama Riziki ni serum gani? Afadhali nile muchanga. Nilivaa kitambaa changu kizuri, nikaenda soko peke yangu.

Musichana aliyenihudumia alikuwa na uso wa rangi ya papai na vifundo vya vidole vyeusi kama chini ya sufuria. Wasichana wa namna hiyo ninawajua. Nimewagombeza kanisani, nimewagombeza barabarani, nimewaambia Mungu hakukosea rangi. Sasa niko mbele yake ninauliza bei. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Akaniwekea sanduku la dhahabu. Bei yake, ningeuza beseni nzima ya ndagala na bado ningebaki ninamubembeleza. Akaniwekea na kachupa kengine, kana picha ya muzungu anayecheka, hakana karatasi ndani, hakana maandishi zaidi ya jina.

"Hii iko nguvu, Mama. Wiki moja tu."

"Inapakwa namna gani?"

"Aa, Mama! Si unamwaga tu ndani ya mafuta yako? Unatikisa, unaacha ilale, kesho unapaka. Batu yote banafanya hivyo."

Hapo alisema kweli. Hapa kwetu ndivyo wanavyofanya. Mwanamuke ananunua chupa kubwa ya mafuta, ananunua vichupa, anachanganya kama anayepika muchuzi, na kila mumoja ana siri ya mapishi yake. Minye niliyewacheka wapishi hao nikabeba kachupa ndani ya kitenge, nimekafunga fundo, ninatembea haraka kama niliyeiba.

Sasa sikilizeni vizuri, nyinyi wasichana mnaosoma. Nyumbani kwangu chupa ya mafuta ni moja. Iko kwenye meza karibu na mulango. Ninapaka minye, anapaka mugeni, inapakwa kwa ngozi ya mutu yeyote aliyeoga hapo. Kununua chupa ya pili kwa ajili ya mashavu mawili niliona ni uharibifu. Kwa hiyo nilimwaga serum yote ndani ya mafuta ya nyumba, nikatikisa, nikarudisha chupa mahali pake.

Ilichoma kama pilipili. Nikajiambia, inafanya kazi. Ngozi ikaanza kung'aa na kujivuta. Nikajiambia, Mama Riziki ajiandae. Ninaanika ndagala juani bila kofia na uso unawaka, na minye ninacheka peke yangu.

Halafu Ijumaa Furaha akamuleta Asifiwe.

Alitulia! Ninaandika hapa ili ibaki: alitulia kwangu. Alikula bugali na ndagala mpaka tumbo likawa ngoma. Alifukuza kuku. Nilimubeba mugongoni nikigeuza samaki, na yeye anawahesabu kwa lugha yake. Ziwa aliliulizia mara chache tu, nikampa uji, akanyamaza. Nilianza kupanga wapi nitaweka nguo zake. Nilianza hata kumuhurumia Mama Riziki, fikirini!

Jumamosi nilimuogesha. Mutoto akitoka majini anapakwa mafuta, hiyo haitaki akili. Mukono wangu ulienda kwenye meza wenyewe, kama ulivyoenda kwa watoto wangu wote. Nikampaka uso, shingo, mikono. Akang'aa. Nikambusu.

Kabla ya chakula cha mchana akaanza kujikuna. Nikasema ni mbu. Shingo ikawa nyekundu, mashavu yakatoka vipele. Nikasema ni ndagala. Akaanza kulia kilio kile ambacho mutoto hakusikilizi tena, na minye, haki ya Mungu, nikamufikiria jirani mwenye macho mabaya. Nilifikiria kila mutu isipokuwa minye.

Kisha nikaona ile chupa mezani.

Nilimuosha kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, nikamufunga mugongoni, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kituo cha afya, chupa ya mafuta mukono huu na kale kachupa ka serum mukono huu. Mama munganga alinusa, akageuza kachupa huku na huku. Akaniuliza, "Mama, wameandika wapi kilichomo?" Nikatazama. Hakukuwa na kitu. Kuna muzungu anacheka tu. Akasema asiyeandika kilichomo ana sababu, na kwamba vitu hivi vya wiki moja mara nyingi vimewekwa hidrokinoni au zebaki kwa siri, vinachuna ngozi ya mutu mukubwa, sembuse ya mutoto. Akamuosha tena, akampa dawa ya kutuliza, akaniambia nimurudishe haraka akivimba au akipumua vibaya. Hakunigombeza. Alinitazama tu uso wangu unaochunika, akaongeza, "Na weye uache. Leo."

Nilimuita Furaha minye mwenyewe. Hiyo angalau niandikiwe.

Alikuja na mimba yake juu ya moto, vumbi mpaka kwenye nyusi. Angepiga kelele ningejibu, kelele ninaijua. Hakupiga. Alimuchukua mutoto wake, akamutazama shingo, akaniuliza polepole:

"Mama, ulitaka kumuchubua mutoto wangu?"

"Minye? Minye ninayewacheka wanaojichubua?"

Na chupa iko mukononi mwangu.

Ngozi ya Asifiwe ilipona. Hakubaki na alama hata moja, Mungu ni mwema kwa watoto kuliko kwa nyanya zao. Ngozi yangu ndiyo iliyolipa. Ilichunika, na ilipomaliza kuchunika, madoa yalikuwa yamekuwa meusi zaidi. Kile kifungo cha koti sasa ni cha koti la baridi la kule milimani Mulenge.

Kisha tukaitwa kwa Bahati. Mama Riziki alikuja na kitenge kipya, bado kina harufu ya duka. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Usiku wote nilikuwa nimepanga maneno, yote makali, nimeyanoa. Nilijua atasema nini na nilijua nitamujibu nini.

Yule mwanamuke akanitetea.

"Mumuache Mama Bahati. Nani hapa hajachanganya? Minye nilichanganya mpaka shingo ikawa nyeusi, nikavaa kitambaa shingoni wakati wa joto na kuwaambia watu nina kikohozi."

Bahati alicheka. Hata Furaha alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Mutu anayekutukana unamurudishia. Anayekutetea utamufanya nini?

Hakuishia hapo. Akafungua mukoba, akatoa kichupa chenye kifuniko cha kudondoshea matone, kidogo, cha kawaida, hakina muzungu. Akanionyesha jina la dawa kwa ukucha: niasinamide. Akasema hiki ndicho anachotumia, matone machache jioni, kwenye uso ulionawa, hakichanganywi na kitu, na mchana kofia. "Hakiko cha bei. Na hakina haraka. Minye nilingoja miezi mpaka nikachoka kujitazama." Kisha akanisogezea. "Chukua, Mama Bahati. Minye nitanunua kingine."

"Nina mikono. Nitanunua changu."

"Basi nunua, mama. Nani amekukataza?"

Ndipo Bahati akasafisha koo. Mutoto wangu akitaka kusema kitu kibaya anatazama viatu vyake, tangu utoto. Akavitazama.

"Mama, Asifiwe ataenda Kavimvira."

Nikasema, "Vizuri."

Ni neno dogo.

Leo asubuhi ndiyo alienda. Kwetu nyanya anayebaki ndiye anamufunga mutoto mugongoni kwa nyanya anayemuchukua, ili asiwepo mutu wa kusema kesho kwamba aliibiwa. Nilipeleka kwa Bahati unga wa muhogo na ndagala zangu za kwanza, zile kavu nyeupe, siyo hizi za leo. Mama Riziki akainama. Nikamuweka Asifiwe kwenye ule mugongo, nikapitisha kitenge, nikafunga mafundo mawili. Moja lilitosha. Nilifunga mawili ili asije akasema nililegeza.

Mutoto hakulia. Hata kidogo! Nilisimama pale nikingoja alie, angalau afanye uso. Aliweka shavu kwenye mugongo wa yule mwanamuke, akanipungia vidole, wakapanda gari.

Sikurudi moja kwa moja. Nilipita famasi, ya kweli, yenye mulango na mutu mwenye koti jeupe. Nilimwambia nataka serum ya madoa, ya bei ninayoweza, na nataka kusoma. Akaleta tatu. Ya kwanza ilikuwa ya vitamini C, imekaa dirishani, rangi yake kama chai iliyosahauliwa. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo rangi yake. Akaona haya, akairudisha, akasema imeharibika na mwanga. Ya pili ilikuwa ndani ya sanduku zuri. Ya tatu sanduku la hovyo. Niliweka kidole chini ya herufi nikasoma moja moja, ni-a-si-na-mi-de, huku na huku. Jina ni lile lile, hata namba ya nguvu ni ile ile. Tofauti ni sanduku na marashi. Minye sanduku sipaki usoni. Nilichukua ya sanduku la hovyo, isiyo na harufu, nikatazama tarehe, nikatazama kama kifuniko hakijafunguliwa. Akaniambia uso wangu kwanza upone vizuri, nisiuguse kabla, na hata nikianza nijaribu kwanza ndani ya mukono. Akasema tena kwamba bila kujikinga na jua ninamwaga maji kwenye muchanga. Krimu ya jua anayo, bei inauma, nitainunua ndagala zikiuzwa. Kwa leo nimenunua kofia ya majani, pana kama ungo. Nimeivaa ninapoandika. Majirani wameshacheka, wamemaliza.

Ni dawa ile ile ya Mama Riziki, ninajua. Lakini kampuni ni ingine. Kwa hiyo siyo yake.

Wasichana, mmesikia? Kisicho na maandishi msinunue. Kinachoahidi wiki moja kikimbieni. Msichanganye, hata jirani akiwaapia. Na chupa ya watoto iwe ya watoto. Msingoje kujifunza kwa shingo ya mutoto kama nilivyojifunza minye.

Tone moja nimeliweka ndani ya mukono, hapa kwenye kiwiko. Halichomi. Nimelitazama mpaka nikajishangaa: mutoto hayupo, hakuna anayenipima tena, sasa ninapaka kwa ajili ya nani? Kachupa haka kapya nimekaweka juu ya kabati, mbali na mafuta, na sina mupango wa kukatupa.

Jumapili nitaenda Kavimvira. Nitavaa kofia yangu, nitakaa kwenye kiti cha Mama Riziki, nitakunywa chai yake na nitasema iko nzuri. Nitamuomba Asifiwe nimubebe. Na nitamupima mukononi kama ninavyopima ndagala, bila mizani.

Mungu anisamehe, natamani nimukute amekonda.

Kidogo tu.